Tambuu ya Shangazi Sikuzani

Shangazi yangu Sikuzani, aliyenilea hapa Bagamoyo tangu mama alipofariki, alibakiwa na magego mawili tu yanayokutana, ya upande wa kulia. Kwa hayo alitafuna tambuu kutwa, na wenzake wasio na meno, wanaotwangiwa tambuu kwenye kinu kidogo, aliwacheka bila huruma.

"Hao ndio vizee," alisema. "Mimi bado."

Alikwisha kutimia sabini.

Mwaka wa 1954 gego moja likatoboka. Akalia siku tatu, akakataa katakata kung'olewa. Daktari wa meno alipopita kutoka Dar es Salaam akaliziba, nami nilikuwepo nikasikia masharti yake: uji uliopoa, wala asitafune kitu kigumu mpaka kesho.

"Ukilivunja, bibi, safari ijayo nang'oa."

Alasiri ileile wakatuingilia wageni wa kutoka Mkange, tuliowatarajia Ijumaa. Walikuja kumposea kijana wao Muhidini, na mposwa ni mimi. Mbele yao Bi Adija, shangazi yake Muhidini, kashika sahani ya tambuu. Kwetu shangazi wa mwari akiitafuna, posa imekubaliwa. Akiiweka kando, wageni huvaa viatu wakaenda zao, na udhuru hausikilizwi, maana kila anayekataa huja na udhuru. Nami Muhidini nilimtaka. Sioni haya kusema.

"Karibu tambuu, mkwe wangu," akasema Bi Adija.

Shangazi akaichukua, akaigeuzageuza, popoo ngumu ikiwa ndani yake. Nilichungulia nyuma ya pazia nikiomba dua, sijui kwa ajili ya jino au ya posa. Nadhani posa, Mungu anisamehe. Bi Adija akaanza kukunja uso.

"Tabia!" shangazi akaniita kwa jina langu. "Toka kwa mlango wa uani, kaniazimie kinu cha tambuu kwa jirani Bi Mwaija. Mimi ni mzee, hutwangiwa."

Nilikimbia nikarudi nacho, shangazi akanipenyezea tambuu. Nikaitwanga palepale nyuma ya pazia, machozi yakinitoka, nikaipitisha kwa mkono tu. Akaitia kinywani upande wa kushoto usio na kitu, akaifyonza taratibu mbele ya macho ya wote.

"Tamu," akasema. "Mtoto ni wenu."

Muhidini alinitolea mahari nzuri, namshukuru mpaka leo. Lakini siku ile shangazi yangu alijiita mzee mbele ya watu wa Mkange, na kubwa kuliko hilo sijapata kupewa na mtu.