Gari la Zimamoto kwenye Maharage ya Mama Nakunda

Mpira wa kuzimia moto ukilowa, kisha ukatandazwa juani ukauke, hutoa harufu ya turubai, udongo na dizeli kwa pamoja. Watu wengi hukunja pua. Mimi husogea karibu. Nimeishi Moshi miaka mingi sasa, nina wajukuu na heshima yangu kidogo mtaani, lakini harufu hiyo ikinipata popote hunirudisha Mhezi, juu kwenye milima ya Upare, kwenye kiangazi ambacho baba alileta gari la zimamoto nyumbani. Asubuhi za kiangazi kule juu ni za ukungu na baridi ya kuuma vidole. Moshi wa jiko la mama, alikokuwa akipasha makande ya jana, ulikuwa haupandi juu. Ulitambaa uani na kuingia hadi kwenye banda la mbuzi. Katikati ya moshi na ukungu huo lilisimama gari jekundu lenye pua ndefu, ngazi ya mbao mgongoni na kengele ya shaba ubavuni. Nilikuwa darasa la tatu. Nikitoka ndani nililiamkia gari shikamoo kabla ya kuwaamkia wazazi wangu, na mama alinisema kwa hilo karibu kila lilipolala kwetu.

Baba alikuwa fundi wa malori pale Same mjini, chini kabisa, kwenye vumbi na jua la barabara kuu. Alilala huko juma zima na kupanda mlima Jumamosi, nguo zake zikinuka grisi hata baada ya kufuliwa. Wenzangu waliletewa peremende. Mimi niliomba hadithi za malori. Kwa hadithi hizo nilijifunza kutofautisha injini kwa sikio. Nikiwa nachota maji, lori likianza kuunguruma huko bondeni, niliweza kusema limebeba mzigo au ni tupu, na kama dereva wake anaijua klachi au anaitesa bure. Wasichana wenzangu walinicheka kwamba nitaolewa na giaboksi. Kwa hiyo baba alipotuambia kwamba amenunua kwenye mnada gari la zimamoto lililostaafishwa na mji mmoja wa pwani, na kwamba amelifufua yeye mwenyewe, usingizi ulinipaa. Alitaka lifanye kazi ya kuwapelekea maji wajenzi wa Same, maana kule maji ni ya kutafuta. Lakini moyoni alitaka kulipandisha Mhezi, watu wa kwao walione.

Na watu wa kwao walilitaka kweli. Kiangazi kilichotangulia jiko la nyasi la jirani mmoja liliteketea lote, na hofu ilikuwa bado haijatutoka. Kila mtu akaanza kusema kwamba sasa tutakuwa na zimamoto yetu, jambo ambalo hata vijiji vikubwa havina. Hakuna aliyeuliza kama gari na mwenyewe wasingekuwa Same siku ambayo moto ungewaka. Shida iliyoonekana ilikuwa moja tu, kona. Barabara yetu ilipita chini ya ndiva, lile bwawa la udongo ambalo usiku hukusanya maji ya kijito, na asubuhi mwenye zamu hulifungua yakashuka kwa mfereji hadi shambani kwake. Wakati wa kiangazi kijito huwa chembamba mno. Ukikiachia kitiririke chenyewe, maji hunywewa na ardhi kabla ya kufika popote. Bila ndiva hakuna maharage ya kiangazi. Na ukuta wa ndiva ulikuwa na tumbo nene lililojitokeza mpaka barabarani, pale pale kwenye kona, na gari la baba lilikuwa refu kuliko lori lolote lililowahi kupita hapo.

Baragumu likapigwa, watu wakaitwa msaragambo, kazi ya pamoja ya kijiji. Kwetu msaragambo ukiitwa unakwenda, hata kama kazi yenyewe huipendi. Tajiri anakwenda, mjane anakwenda, na asiyekwenda aibu humfuata mpaka kanisani. Kazi ya siku hiyo ilikuwa kupunguza tumbo la ukuta ili kona ipanuke. Mama Nakunda alisimama mbele ya watu wote. Alikuwa mjane, jirani yetu, na shamba lake lilikuwa la kwanza chini ya barabara, limekatwa ngazi kwa ngazi na kuzuiwa kwa mawe ambayo marehemu mumewe aliyapanga. Bintiye Nakunda alikuwa rafiki yangu, tukiketi dawati moja.

"Ukuta huu ndio unaoshika maji ya maharage yangu," alisema. "Mkiupunguza ukanyong'onyea, mtaniambia nini?"

"Tunapunguza tumbo tu, Mama Nakunda, mgongo tunauacha," alijibu mwenyekiti, na watu wakacheka. Baba aliahidi kwamba gari likishapanda atapanga mawe kwenye sehemu iliyochimbwa, yeye mwenyewe, kwa mikono yake. Mama Nakunda alitazama watu, akatutazama na sisi watoto, kisha akafunga kanga yake vizuri kiunoni, akashika jembe na kuchimba pamoja na wengine. Msaragambo ulikuwa umeitwa, naye hakuwa mtu wa kuukimbia. Alichimba vizuri kuliko wengi. Mimi na Nakunda tulibeba udongo kwa karai tukiimba.

Gari likapanda. Nilianza kulisikia lingali mbali, gia ya kwanza, likipumua kwa shida. Lilipoikata kona, watu walipiga vigelegele, na baba akapiga kengele. Tangu siku hiyo nilivimba kichwa. Kila alasiri lilipokuwepo, mimi na Nakunda tulikuwa ndani ya gari, mimi nikishika usukani na yeye akiwa abiria anayeteremka Kihurio kwa wajomba zake, na mara nyingine nilimpa zamu ya kuendesha, lakini si mara nyingi. Kila Jumamosi baba alikuja nalo na kila Jumatatu alishuka nalo, na likipita kwenye kona ardhi ilitetemeka chini ya miguu yetu. Mawe aliyoahidi hayakupangwa. Jumamosi moja kulikuwa na breki za kurekebisha, nyingine kulikuwa na wageni waliotaka kuonyeshwa pampu, na nyingine ilikuwa ubatizo. Sikuona kosa lolote. Kwangu mimi, baba akiwa chini ya gari na mimi nikimpa spana, dunia ilikuwa imekaa sawa.

Asubuhi moja ya mwezi wa nane Mama Nakunda alikwenda kufungua ndiva kwa zamu yake akakuta hakuna cha kufungua. Ukuta ulikuwa umebomoka pale pale tulipochimba, maji yote yamekwenda bondeni, na tope limelala barabarani. Maharage yake yalikuwa kwenye maua. Wenye mashamba mengine walikuwa wamepanda viazi vikuu na migomba, vitu vinavyovumilia. Yeye aliyategemea maharage yale kwa chakula na kwa karo. Baragumu likapigwa tena na watu wakaja tena kuujenga ukuta, lakini udongo mbichi wa ndiva lazima ukanyagwe, uachwe, ukanyagwe tena, na ukiharakishwa unabomoka upya. Juma lilipita, maua yakaanza kunyauka. Baba alipofika Jumamosi na kuambiwa, hakuketi hata kunywa chai. Alisimama kwenye kona akiwa ameshika kofia yake. Kisha akasema atayamwagilia maharage yale kwa gari.

Sasa niseme kuhusu siku hiyo, na nitasema kama ilivyokuwa. Baba alijaza tangi kule chini kwenye mto mkubwa, akapanda nalo polepole, akaliegesha juu ya shamba la Mama Nakunda. Kijiji kizima kilikuja, maana pampu hatukuwahi kuiona ikifanya kazi kwelikweli. Mpira ulikuwa mfupi, haukufika kwenye ngazi za chini za shamba, kwa hiyo maji ilibidi yarushwe kutoka barabarani. Baba alianza taratibu. Maji yakadondoka karibu. Watu wakapiga kelele, "Ongeza! Ongeza!" na akaongeza. Maji yakaruka juu ya shamba, meupe, yakatawanyika kwenye jua, upinde wa mvua ukatokea juu ya migomba ya jirani na matone yakatuangukia usoni. Mvua ya baba yangu. Nilirukaruka, nilipiga makofi mpaka viganja vikawaka moto, niliimba jina lake. Sikuwahi kufurahi vile kabla ya siku ile, na siku niliyofunga ndoa, siku nilizojifungua wanangu, zote nimezipima kwa siku hiyo bila kutaka.

Maji yenye nguvu za kuzima nyumba inayowaka si maji ya kumwagilia. Pale yalipotua yalikata udongo. Ngazi ya kwanza ya shamba ilifunguka, mawe ya marehemu yakaporomoka juu ya ngazi ya pili, na maharage yakang'oka na mizizi yake. Yote yalitokea kwa muda mfupi, mfupi kuliko wimbo mmoja wa kanisani, kwa sababu tangi liliisha upesi. Baba alikuwa upande wa pampu, akitazama mshale wa presha, hakuona mpaka injini ilipozimwa. Mama Nakunda alikuwa ameshateremka shambani, ameinama, akiokota miche yenye maua na kujaribu kuisimamisha tena kwenye tope. Kisha alinyooka akafuta mikono kwenye kanga.

"Poleni na kazi, Baba Eliwaza," alisema. "Karibuni nyumbani, makande yapo."

Alitupakulia. Baba alishika sahani yake magotini na hakuweza kula, akasema, "Mama Nakunda, nimekuharibia," na mama yule akamwambia ale kwanza, mambo ya shamba yatazungumzwa. Mimi nilikula, nikaomba nyongeza, nikapewa. Nakunda alikuwa ameketi mkabala nami. Nilimwuliza kama aliuona upinde wa mvua. Aliinuka akaenda kuosha vyombo.

Kabla ya mvua za vuli walihama. Kaka yake Mama Nakunda alikuwa Kihurio, huko chini kwenye mashamba ya mpunga, na kule kulikuwa na kazi ya kupalilia. Baba aliwapeleka na vitu vyao kwa lile lile gari, maana hapakuwa na jingine, vitanda na kuku vimefungwa penye ngazi. Dawati letu likawa langu peke yangu. Nakunda hakurudi shule. Miaka iliyofuata nilisikia ameolewa huko huko, kisha nikasikia amefariki kwa uzazi, na habari hiyo niliipokea nikiwa mwanafunzi wa bweni, nikalia, kisha nikaendelea na mitihani yangu. Ada yangu ya bweni ilitoka kwenye maji ambayo gari lile liliwapelekea wajenzi wa Same.

Baba aliponiachia dunia aliniachia na gari. Nililishusha Moshi likiwa na kuku waliotagia kwenye kiti cha dereva, na kwa miaka kadhaa, kila nilipopata nafasi, nikalitengeneza. Leo linang'aa. Wapo watu wanaopenda magari ya zamani kama mimi, wazima kabisa wa akili, tunakutana kulinganisha pampu na karbureta, tunasifiana rangi, vijana wanapiga picha na kuziweka mtandaoni. Wakiniuliza nililipendaje gari hili, nawaambia kuhusu baba, kengele na kona. Nikifika kwenye kona naishia hapo. Mhezi kwenyewe ndiva sasa imejengwa kwa saruji, barabara imehamishiwa upande wa pili, na bodaboda zinapita hapo bila hata kupunguza mwendo. Ngazi zile za shamba zimeota miti. Kijana aliyenizungusha huko mwaka jana hakujua kwamba paliwahi kuwa shamba.

Kutoka huko nikashuka Kihurio. Nilikuwa nimeambiwa Mama Nakunda bado yupo. Nilimkuta kibarazani, mkongwe, macho yamefifia, anapeta mchele kwa kuusikiliza. Nilimpa shikamoo nikajitaja. "Marahaba, Eliwaza," alisema, akanishika mkono na hakuuachia. Njia nzima nilikuwa nimeandaa maneno. Nilitaka kumwambia kwamba siku ile mali yake ilipokuwa inakwenda na maji, mimi nilikuwa mtoto mwenye furaha kuliko wote duniani, na kwamba nimejaribu kuikumbuka kwa huzuni nikashindwa. Kila nikiikumbuka nafurahi kwanza, kisha ndipo naona aibu.

"Mama, nimekuja kuomba radhi," nilisema.

"Radhi ya nini? Wewe ulikuwa mtoto."

Nilitazama zile punje zikiruka kwenye ungo. "Ya baba," nilisema.

"Ah, ya baba yako." Alicheka kidogo. "Baba yako alikuja hapa kila mwaka mpaka nikachoka naye. Alinijengea na hiki kibaraza. Ya kwake nilishaipokea zamani, mwanangu, usijisumbue."

Alinifungashia mchele, nikamshukuru, nikaondoka. Jumamosi iliyofuata wajukuu walikuja wakataka niwawashie gari. Nilivuta turubai, nikapanda, nikaliwasha. Injini ilipoitikia watoto walipiga makofi, na mimi, Mungu anisamehe, nikafurahi.