Shangazi Alipoiteka Kona ya Mumewe

Shangazi yangu ni fundi wa kushona, na kwa miaka mingi hakuwa na siasa yoyote zaidi ya kuamini kwamba mteja anayesema amepungua anadanganya, msema kweli ni tepu. Alikaa na mafundi wenzake kwenye kibaraza kirefu cha jengo moja kuukuu, cherehani zimepangwa mstari mmoja kama meno, tena meno mabovu, maana hayakuisha kuumana. Huyu kamvuta mteja wa mwenzake kwa mkono. Yule kaazima mkasi wa kitambaa akaenda kukatia maboksi. Kulikuwa na fundi mmoja ambaye kila suruali aliyoshona iliishia juu ya kifundo cha mguu, ndiyo maana tukamwita Suruali Fupi, na huyo alikuwa hasemeshani na nusu ya kibaraza.

Mwisho kabisa, pale kwenye kona, alikaa mume wa shangazi, fundi viatu, jina lake la kazi Soli. Alikuwa na kigoda, sanduku la misumari, na chuma cha kugongea viatu alichokizamisha sakafuni kwa saruji, kama mtu aliyeamua kuzeekea hapo. Asubuhi walitoka nyumbani pamoja, mchana wakala bakuli moja, jioni wakarudi pamoja. Ndoa ilikuwa na afya njema, kwa sababu kutwa nzima kelele za cherehani ziliwazuia kuzungumza.

Balaa lilianza ng'ambo ya barabara, lilipofunguliwa duka la nguo zilizoshonwa tayari. Wateja wakahama kama nzi waliosikia kuna sherehe. Mafundi wakalaumiana wiki nzima, mpaka shangazi akachukua jora la kitambaa cha buluu lililobaki kwenye kazi ya mapazia, akamshonea kila mmoja aproni. Sare moja, mfuko mmoja kifuani. Kisha akatunga wimbo. Wimbo wenyewe haukuwa na maana kubwa, ulisema tu sisi ni mafundi, tulikuwa mafundi, tutakuwa mafundi, lakini ulikuwa na kiitikio.

Basi nikaona maajabu. Watu waliokuwa wakinyimana hata sindano ya mashine wakaanza kuelekezana wateja. Mikasi ikarudishwa kwa wenyewe. Suruali Fupi alikuwa akiimba kwa sauti kuliko wote, machozi yakimlenga, mkono kifuani, na mbele yake mteja kasimama na kaptula ambayo aliiacha ikiwa suruali. Shangazi akaitwa Mwenyekiti, na haki ya Mungu alistahili.

Mwalimu wetu wa historia, kabla mimi na stashahada hatujaachana njiani, alikuwa akisema watu wakishapata wimbo hutafuta mpaka, na wakishaupata mpaka huanza kuuona umebana. Nilidhani anazungumzia falme za zamani. Kumbe anazungumzia kibaraza chetu.

Siku moja Suruali Fupi akifagia kule mwisho akaokota kifungo kwenye ufa wa sakafu, hatua moja kutoka kigoda cha Soli. Akakiinua juu kama aliyechimbua fuvu la babu. Kifungo, alisema, ni ushahidi kwamba kabla ya viatu, kona ile ilikaliwa na fundi nguo. Kwa hiyo ni ardhi ya mababu, na fundi viatu amelowea tu. Mababu gani, hakuna aliyeuliza. Shati la Soli siku hiyo lilikuwa limekosa kifungo kimoja, rangi ileile, saizi ileile, na hilo pia hakuna aliyeuliza. Watu walikuwa wameshaanza kuimba.

Shangazi alijaribu kuvuta muda. Alisema jambo hili lichunguzwe taratibu. Suruali Fupi akamtazama kwa upole wa mtu anayetega.

"Mwenyekiti, tuambie tu. Moyo wako uko kwenye nguo au kwenye viatu?"

Hapo shangazi akakwama. Kiongozi akishashukiwa anapendelea kwake, atawanyoa wa kwake kavu ili aonekane mwadilifu. Akakubali kona irudishwe kwa wenyewe.

Ila alijua anachokicheza, kwa hiyo nyumbani akamletea mumewe suluhu. Akamwambia na yeye Soli anatumia sindano na uzi, kwa hiyo ni ndugu yao aliyepotea, avae tu aproni abaki palepale. Soli akaishika ile aproni kwa vidole viwili kama soksi ya mteja. Alisema hajapotea na hana haja ya kutafutwa. Halafu akaongeza, bila hasira hata kidogo:

"Mimi nilikuoa wewe. Hilo taifa lako sikuliposa."

Kesho yake akabeba kigoda na sanduku, akavuka barabara, akakaa ukutani pembeni ya duka la nguo. Kibarazani wakamwita msaliti, kisha wakamwagika kwenda kuikalia kona.

Kona ikawashinda. Kile chuma kilikuwa kimesimama katikati, haking'oki hata kwa matusi, na kila meza iliyowekwa pale ilicheza kama mlevi. Mchana jua lilipiga palepale mpaka pasi zikawa hazihitaji umeme. Aliyehamia asubuhi alirudi kwake kabla ya chakula, akidai amekumbuka kazi ya haraka. Lakini usithubutu kusema irudishwe. Suruali Fupi alikuwa amejichoma sindano kidoleni alipojaribu kushonea pale, na tangu hapo akawa anasema ardhi ile imemwagikiwa damu.

Mimi nilicheka. Shangazi hakucheka, kwa sababu nyumbani Soli alikuwa amebadilika. Hakununa wala hakugomba. Alianza kumwambia mkewe "samahani" na "asante," maneno ambayo hayakuwahi kukanyaga nyumba ile. Alipopewa chai alishukuru kama mgeni aliyefikia gesti. Asubuhi alitangulia peke yake, akiaga kwa adabu zote. Shangazi aliniambia, mwanangu, mume akigomba bado yupo, lakini huyu anayeomba samahani ya kupita mlangoni ameshapakia mizigo moyoni.

Akaitisha kikao. Akasema wazi: kona haitumiki, mwenyewe aitwe arudi. Suruali Fupi akasimama, akasema taifa halirudishi ardhi hata kama halina kazi nayo, na Mwenyekiti achague, kiti au mume. Alitamka kwa madaha, akijua hakuna mwanasiasa aliyewahi kuulizwa hivyo akachagua mume.

Shangazi akaivua aproni, akaikunja vizuri, mshono ndani, akaiweka juu ya kiti. Akaita mkokoteni. Mafundi walitaka kuimba kumzomea, ila mwanzishaji wa wimbo alikuwa yeye, basi wakabaki wanatazamana midomo wazi huku cherehani ikivuka barabara.

Soli alikuwa anapigilia kisigino. Aliutazama mkokoteni, akaitazama cherehani, hakusema asante wala samahani. Alisogeza kigoda.

"Mama, na hapa mpaka unapita wapi?"

"Acha maneno, nishikie meza."

Akaishika. Kazi haikuchelewa kuja, maana zile nguo za tayari zilikuwa zimeshonewa watu warefu wa nchi nyingine, na kila aliyetoka dukani alihitaji kupunguziwa. Jioni ya kwanza niliwakuta wanagombana vizuri kabisa kuhusu nani kamaliza maji ya kunywa, nikajua nyumba imepona.

Kisha shangazi akanyoosha mgongo, akautazama ukuta uliobaki wazi mbele ya mumewe, mpaka kule kwa muuza matunda. Akaanza kusema, polepole, kwamba ukiangalia vizuri, pale mbele...

"Kaa chini, mama," Soli akasema.

Akakaa. Lakini nilimwona anapima kwa macho.