Deni la Mabati na Ng'ombe wa Mama

Kilichoninyima usingizi hakikuwa ukubwa wa deni. Ni kwamba sikujua kama nikilihamisha, mama angebaki na ng'ombe.

Deni lenyewe lilikuwa la mabati. Nilipotoka chuo kikuu na kupangiwa ofisi moja ya serikali Musoma, niliona aibu kwamba mama bado analala chini ya paa la nyasi kule kijijini, upande wa Butiama. Nikachukua mabati kwa mkopo katika duka la mzee mmoja wa Bunda, rafiki wa marehemu baba tangu walipokuwa wakipeleka pamba pamoja. Tulikubaliana nimlipe kila mwezi, naye kila mwezi aongeze kidogo juu ya kinachobaki. Hicho kidogo nilikipuuza. Mishahara ilichelewa, bei zilipanda kila nilipogeuka, na baada ya mwaka nilikuwa bado nalipa nyongeza tu, mabati yenyewe sijayagusa.

Hapo ndipo chama cha kuweka na kukopa cha ofisini kwetu kilipotangaza jambo jipya. Mwanachama mwenye deni nje angeweza kulihamishia chamani. Chama kingemlipa anayemdai, kisha yeye akatwe kwenye mshahara, miezi sita ya mwanzo bila riba. Baadaye riba ingeanza, lakini ndogo kuliko ya dukani.

Mweka hazina wa chama alikuwa dada mmoja mcheshi niliyekaa naye chumba kimoja cha ofisi. Alishangaa kuona wenzangu wanajiandikisha na mimi nimenyamaza.

"Msomi, bado unapiga hesabu?"

"Nafikiria, dada."

"Fikiria tu. Nyongeza ya mzee wako wa Bunda haifikiriagi, yenyewe inaendelea."

Sikumwambia nilichokuwa nafikiria, kwa sababu kingemchekesha. Mzee yule alikuwa na namna yake ya kutunza wateja. Aliyelipa bila kukumbushwa aliondoka na kilo ya sukari au mche wa sabuni. Wakati huo maduka yalikwisha kujaa, na kilo ya sukari haikuwa kitu cha kumtoa mtu machozi. Lakini mimi nilikulia miaka ya foleni, miaka ambayo mama alirudi kutoka Bunda na sukari ameifunga ndani ya khanga, akitembea kama mtu aliyebeba mtoto mgonjwa, kwa kuwa mzee alikuwa amemwekea. Duka lile halikuwa duka tu kwetu.

Na juu ya sukari kulikuwa na ng'ombe.

Baba alipofariki, ng'ombe wote walikuwa wameishia kwenye ugonjwa wake. Mzee akamletea mama jike mmoja amfuge. Kwetu ni kawaida mwenye ng'ombe wengi kuwagawa kwa marafiki. Maziwa na samadi ni vya anayefuga, ndama ni wa mwenye ng'ombe, isipokuwa ndama wa tatu, ambaye kwa makubaliano yao angekuwa wa mama. Jike alikwisha kuzaa mara mbili. Sasa alikuwa na mimba ya tatu.

Kwa hiyo nilijiuliza: je, nyongeza ninayolipa ndiyo inayomshikilia ng'ombe pale? Mzee alikuwa ameanza kununua pamba mwenyewe, baada ya watu binafsi kuruhusiwa, na alihitaji fedha. Nikiacha kumletea nyongeza, si atamkumbuka ng'ombe wake na kumuuza? Au pengine atafurahi kulipwa lote kwa mara moja. Na ndama mwenyewe, akizaliwa amekufa? Akiwa dume? Niliweka faida upande huu na hasara upande ule, kama tulivyofundishwa chuoni, na kila nilipomaliza nilianza upya. Miezi miwili ikapita hivyo, nyongeza ikiendelea kama dada alivyosema.

Mwishowe niliona dawa ni kuuliza. Jumamosi moja nikaenda Bunda. Dukani kulikuwa na wateja watatu, na mzee alikuwa anapima misumari.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Umeleta, au umekuja kuomba siku?"

"Nimeleta ya mwezi huu. Na nilitaka kuuliza. Nikikulipa deni lote kwa mkupuo, yule ng'ombe aliyeko kwa mama itakuwaje?"

Mkono wake ukasimama juu ya mizani.

"Mama yako amechoka kumfuga?"

"Hapana, baba, ni mimi tu..."

"Amekutuma?"

"Hata hajui nimekuja."

"Basi umejituma. Mwambie kama amechoka, nyumbani kwangu anapajua. Hapa nauza misumari."

Mteja mmoja akaguna kicheko. Mzee alipokea fedha yangu bila kuitazama, na siku hiyo hakunipa sukari.

Nilikwenda moja kwa moja kwa mama. Nilimkuta anaanika mihogo juu ya mwamba nyuma ya nyumba. Nilipomaliza kumweleza alishika mashavu kwa mikono iliyojaa unga.

"Umemtaja ng'ombe dukani? Mbele ya watu?"

"Niliuliza tu, mama."

"Haulizwi hivyo. Ng'ombe wa rafiki ukimtaja penye hela, umeshasema unamrudisha. Hukulijua hili?"

Nililijua, kwa namna ambayo mtu anajua jambo alilolisikia utotoni na hakuwahi kulihitaji. Mama aligeuka kumtazama jike wake, aliyekuwa amelala karibu na uzio na tumbo lake limejaa upande mmoja. Nikaona kwamba ameogopa, na kwamba hakutaka nione.

"Kesho baada ya ibada nitakwenda kwake," alisema.

"Twende wote."

"Wewe umeshaenda."

Alikwenda peke yake, na kibuyu cha maziwa ya mgando, nyumbani kwa mzee, kwa mke wake. Mimi nilibaki nikizunguka nyumba, nikiyatazama mabati niliyoyanunua, nikipanga majibu ya kila kitu atakachorudi nacho. Jua lilikuwa limeshuka aliporudi, mikono mitupu.

"Amesemaje?"

"Tumeongea habari za mvua. Na mguu wa mke wake, unamsumbua."

"Na ng'ombe?"

"Hatukumtaja."

"Sasa tutajuaje, mama?"

"Hatutajua." Akakaa kwenye kigoda, akavua viatu. "Wewe unatakaga kujua kila kitu kabla hakijatokea. Akimtaka ng'ombe wake, atakuja kumchukua, ni wake. Nitalia, halafu nitanyamaza. Lakini usiendelee kulipa ile nyongeza ukasema ni kwa ajili yangu. Mimi sijakutuma."

Ni kweli hakunituma. Nilikuwa nimeipa nyongeza jina la maziwa yake kwa sababu kulipa kulikuwa rahisi kuliko kuamua.

Jumatatu asubuhi nilimwambia dada mweka hazina nahamisha deni. Alisimama akafungua dirisha.

"Unafanya nini?"

"Natazama kama ziwa bado lipo."

Alinitafutia wadhamini wawili kabla ya saa ya chai, nadhani akiogopa nitabadili mawazo. Nilisaini nikijua kwamba mshahara ukichelewa nitakula dagaa mwezi mzima, na kwamba baada ya miezi sita riba itaanza. Na kwamba huenda mama akabaki bila maziwa.

Hundi ilipotoka niliipeleka Bunda mwenyewe. Mzee aliisoma mbele, akaigeuza nyuma, akairudia mbele.

"Chama chenu kina hela kuliko pamba."

"Ya mkopo tu, baba."

"Kwa hiyo mabati yamekwisha."

"Yamekwisha."

Akaiweka hundi chini ya mizani. Maswali yote ya miezi ile yalinijia kwa pamoja, nikawa natazama makopo ya rangi kwenye rafu. Akachukua karatasi, akapima kilo ya sukari, akaifunga. Halafu akainama chini ya kaunta na kutoa kibuyu cha mama, kimeoshwa.

"Mke wangu anasema kirudi kimejaa, kama siku ile."

Mama hakuwa na ng'ombe wa kukijaza ila yule jike wa mzee. Nilitaka kuhakikisha. Nilitaka kumuuliza maana yake ni mwezi ujao tu au siku zote, na ndama je. Nikasema, "Asante, baba, nitamwambia," nikakiweka kibuyu kwapani na sukari mkononi, nikatoka kwenda kutafuta gari la Butiama.