Kocha Aliyekula Jikoni kwa Verlene

Kocha hufunika mdomo kwa karatasi ya mbinu hata anapokohoa tu. Kila mara timu yake ya chuo, ya futiboli ya Kimarekani, inapokwama, hupunga mkono, na mpira hupigwa mbali, wapinzani wauchukue. "Wape na viatu vyetu kabisa, kocha," shabiki mmoja alimfokea Jumamosi, tulipofungwa tena. Watu wakacheka. Verlene hakucheka. Mikono hiyohiyo ya kocha, alipokuja kumsajili kijana wa Verlene, ilimega kuku wa kukaanga jikoni kwake, kisha ikashika ya kwake: "Mama, niachie Odell. Atacheza." Akamwachia, na miaka yote ya chuo mwanawe amekaa benchi. Baada ya mechi alimngojea kocha kwenye geti la uwanja. "Vumilia, mama," alimwambia kwa sauti ileile tamu. "Mwakani kijana atacheza."

"Mwakani atakuwa ameshamaliza chuo," Verlene alisema, lakini kocha alikwishamgeukia mama mwingine.