Miche Mbele ya Mlango wa Mama

Mwalimu wetu wa misitu alikuwa ng'ambo. Mimi nilimwona mjini Mbarara, kwenye kompyuta ya intaneti kafe, uso wake ukigandaganda kila mtandao uliposuasua. Zoezi la mwisho lilikuwa hili: panda miti palepale unapoishi, itunze, tuma picha kiangazi kikiisha, ueleze itakavyokuwa baada ya miaka thelathini. Asiyetuma hapati cheti.

Miaka thelathini! Sisi tulikuwa kambi ya wakimbizi ya Nakivale, upande wa Juru, kwenye kiwanja tulichopewa tulime maharage na mahindi mpaka kwetu Kivu Kusini patulie. Sikujua nicheke au nikasirike. Nikapanda miche ya mgrivea mbele ya nyumba.

Mama akatoka, akashika kiuno.

"Hii ni nini, mutoto wangu?"

"Ni masomo, mama."

"Masomo gani ya kupanda miti fasi ya benyewe, hapa si kwetu? Mahindi unapanda, unavuna, unaenda. Muti, mutu anaupanda fasi batamuzika."

Nikamwambia ni ya picha tu, nikipata cheti nitaing'oa. Hapo nilijichanganya mwenyewe: nasomea kutunza misitu, huku naahidi kung'oa miti. Mama akarudi ndani. Tangu siku ile maji ya kuoshea vyombo aliyamwaga nyuma ya nyumba, kwa makusudi kabisa, nami nikibeba madumu ya kumwagilia miche peke yangu huku hasira zimenijaa. Kiangazi kikawa kikali, majani yakaanza kujikunja.

"Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe," nilimtania. "Sisi jembe tumelishika miaka, mama. Bado ni wageni?"

Akabeba beseni la vyombo, akazunguka nyuma ya nyumba.

Kisha mdogo wake akafika kutoka kwetu na kifurushi kimoja. Akasema nyumba yetu imebaki mawe ya msingi tu, na watu tusiowajua wanalima hadi mlangoni. Mama alimsikiliza mpaka mwisho, akaenda kusonga ugali.

Kesho yake nilikwenda Mbarara kumwomba mwalimu aniongezee muda. Niliporudi nikamkuta mama ameinama na bakuli, ananywesha mche mmoja mmoja, polepole. Cheti changu kilikuwa kinapona mbele ya macho yangu, na moyo uliniuma. Nilitaka kumsihi: mama, acha, tutarudi.

Kabla sijafungua mdomo akaninyooshea bakuli tupu.

"Leta maji ingine," akasema. "Huu wa mwisho haujapata."