Bibi Yangu Aliniandika Marehemu mu Liste ya Site

Admin, jina yangu uifiche chini kabisa, maana siku mabinti ba Bunia batajua niko karibu kubaki bila bibi, quartier yetu ya Rwambuzi itakosa njia ya kupita. Sijisifu, nasema kweli. Toka Bambu mpaka Mongbwalu kijana muzuri kama miye hakuna. Kulikuwa mumoja alinikaribia, lakini alioa, uzuri ikamuisha.

Niko na miaka vingt-six, makumi mbili na sita. Masomo niliacha sixième primaire, darasa ya sita. Mwalimu alisema kichwa yangu imejaa, hakusema imejaa nini. Kazi yangu ni kuchimba zahabu. Ku shimo baliniita PDG, mukubwa wa kampuni, hata kama shimo haikuwa yangu, juu ya vile natembeaka.

Nilioa binti mumoja wa Djugu, tumuite Neema. Nilioa sawasawa, siyo ile ya kuvutana tu mu nyumba. Nilipeleka mbuzi na ngombe moja, mujomba wake akawafungua midomo kuangalia meno kama daktari, kisha tukasaini mu kitabu ya état civil, kwa serikali. Tukazaa mutoto mwanaume, leo iko na miaka mitatu. Kama munasoma hapa na munacheka, muendelee kucheka, maana sasa inaisha.

Asubui moja batu ba silaha baliingia mu kijiji yetu. Nyumba iliungua, karatasi ya ndoa iliungua ndani. Miye nilitokea upande wa Mongbwalu, Neema na mutoto balitokea upande wa Bunia. Miezi nane njia ilifungwa na simu yake haikupita. Njia ilipofunguka nikapanda pikipiki, nikanunua sabuni, biskuti ya mutoto na shati mupya ya miye mwenyewe, nikaenda kubatafuta mu site ya bakimbizi.

Muzee wa komite alifungua liste. Akasoma: Neema, mutoto moja, mujane.

Nikamwambia, "Papa, angalia tena muzuri. Huyu marehemu ndiye anakuongelesha."

Aliniangalia toka kichwa mpaka viatu, akasema marehemu ananukia muzuri sana. Batu balicheka na miye nikacheka, nikiamini ni makosa ya kalamu. Nikamukuta Neema mbele ya hema anatwanga sombe, majani ya mihogo. Hakusimama. Alinikaribisha vile banakaribishaka mutu wa kupita. Mutoto alijificha nyuma yake, akauliza huyu ni nani, mama yake akamujibu ni mugeni. Biskuti ilinibakia mu mukono.

Nikakasirika, nikakimbilia ku tribinali kusema bibi yangu aliacha nyumba. Greffier, mwandishi wa tribinali, alikuwa mama moja wa miwani, mupole, nikamujaza maulizo. Kama bibi ameniandika marehemu, ndoa imekufa? Akasema liste ya site inaleta tu chakula na hema, haivunji ndoa ya mutu. Ndoa inavunjwa na juge, hakimu, peke yake, tena kisha kujaribu kwanza kubapatanisha. Karatasi iliungua? Batatafuta ile kitabu tulisaini. Mutoto atabaki na nani? Juge ataangalia mutoto atakuwa muzuri wapi, hataangalia nani alileta ngombe. Nilianza kufurahi. Nikamwambia basi mama, andika kama bibi ndiye alitoka mu nyumba. Akaniuliza siku bibi alitoka, miye nilikuwa wapi. Nikasema nilikuwa nimetangulia. Aliweka kalamu yake ya bic chini, akasema niende kwanza nikaongee na familia.

Familia ya Neema ilikutana mu site, mbele ya hema yake. Mujomba alisema, "Mukwe, siye hatukatai ndoa yako. Bibi yako aseme shida yake."

Neema aliongea polepole, bila kuniangalia.

"Siku ile ya kukimbia nilianguka mu shamba ya mihogo na mutoto ku mugongo. Yeye alikuwa mbele. Nilimuita jina yake mara tatu. Kama alisikia, bwana yangu alikufa ile siku, na sikudanganya batu ba liste. Kama hakusikia, aweke mukono ku kichwa ya mutoto hapa mbele ya bazee, aape. Nitaenda leo leo kufutisha ile neno ya mujane."

Nikajibu mbio kwamba sikusikia, bunduki zilikuwa zinalia. Mujomba akasema muzuri, basi apa. Balileta mutoto. Alisimama mbele yangu na ile mudomo yake iliyojaa biskuti, maana mwishoni alizikubali, akainamisha kichwa vile banamufundishaka kwa padri. Mukono yangu ilifika katikati ikarudi. Nikadanganya tumbo inaniuma, nitarudi juma ijayo. Neema alirudi kutwanga sombe yake.

Ile juma imebakia siku tatu. Neema amesema nikiapa atarudi, nikikosa kuapa ataenda yeye mwenyewe ku juge kuomba talaka. Kaka yangu wa Rwambuzi, kwake ndiko nalala sasa, ananiambia weye apa tu, mudomo haina mufupa, nani atajua. Lakini ku kabila yetu na yao, mutu hachezaka na kichwa ya mutoto wake. Na nikisema kweli mbele ya bazee, juge akiisikia, ataniacha hata nimuone mutoto siku za dimanshi, jumapili? Bale banajua sheria muniandikie. Na mamama bale balishaka kuachwa mu njia, nanyi pia, hata kwa kunitukana. Munionyeshe pa kupita.

Maana nilisikia, ndugu zangu. Ya kwanza, ya pili, na ya tatu. Nilijua ni yeye, nikaongeza mbio.