Kiti cha Mbele cha Mama

Jamani, leo nimegombana na mama yangu kwa ajili ya stika ya Kijapani!

Tangu ninunue gari hii kuukuu, stika iko juu, mbele ya kiti cha abiria. Sikuibandua, nikiringia kuwa gari imetoka Japani.

Leo hapa Gombani nimeipiga picha, simu ikanitafsiria: "Eabegi (mfuko wa hewa wa kukinga ajali) ya kiti hiki ni mbovu, inaweza kuua. Asikae mtu mpaka ibadilishwe."

Na hapo ndipo ninapomkalisha mama siku zote, kwa heshima!

Nikampigia aliyeniuzia. Eti, "Shehe, wenzio stika hizo wanazibandua wanastarehe."

Nikamwomba mama ahamie nyuma. Akanitazama: "Leo nimekuwa mzigo?"

Nipeni maneno ya kumwambia kuwa kiti nilichompa kwa heshima kinaweza kumuua. Keshafunga mkanda papo hapo mbele, ananiuliza nangoja nini.